Kabla Kazi Haijapamba Moto: Mambo ya Kuzingatia Ili Usiache Kukimbia

Msimu wa kazi nyingi haumvizii mtu. Mhasibu anaujua mwezi wake wa kufunga hesabu, mwalimu anazijua wiki za kusahihisha mitihani. Ajabu ni kwamba tunauona unakuja, halafu tunaanza kujiuliza "nitakimbia saa ngapi?" siku ambayo tayari tumelala saa saba usiku. Mambo haya yapangwe mapema, kichwa kikiwa bado na nafasi.

Anza kwa kuhesabu wiki. Fungua kalenda uone msimu unaanza lini na unaisha lini, maana wiki moja na wiki nane si habari moja. Zikiwa siku saba au kumi, usijisumbue. Pumzika, utarudi karibu kama ulivyokuwa. Zikizidi hapo, kuacha kabisa kuna gharama. Mwaka 1984 mtafiti wa mazoezi Edward Coyle na wenzake waliwafuatilia wanamichezo wa uvumilivu walioacha mazoezi waliyoyazoea kwa miaka. Uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni ulishuka kwa takriban asilimia 7 ndani ya siku 21, na kufikia siku ya 84 ulikuwa umeshuka asilimia 16. Mwanzoni kinachopungua hasa ni ujazo wa damu, ndiyo maana moyo unakudunda kwenye kilima kilekile ulichokuwa ukikipanda huku unapiga soga.

Jambo linalohitaji kufikiriwa zaidi ni hili: utakata nini? Wengi wetu hukata kasi. Tunabaki na siku zilezile tano, ila tunajikongoja kwa sababu tumechoka, na tunajipongeza kwamba hatujaacha. Huko ni kukata mahali pasipokatwa. Katika miaka ya 1980 mtafiti mwingine, Robert Hickson, aliwafanyisha watu mazoezi makali siku 6 kwa wiki, dakika 40 kila siku, kwa wiki 10, kisha akawapunguzia. Walioshushwa hadi siku 2 tu kwa wiki, wakibakiza ukali uleule, walidumisha uwezo wao wa oksijeni kwa wiki 15. Waliopunguziwa ukali wakaachiwa siku zote, uwezo ulishuka. Wengine walikatiwa muda hadi dakika 13 kwa siku: kipimo cha oksijeni kilibaki, lakini uvumilivu wa kukaa kwenye zoezi muda mrefu ulipungua.

Kwa hiyo mimi hukata siku. Nabaki na mbili, dakika kama 40 kila moja: dakika kumi za kupasha mwili moto taratibu, kisha dakika tatu za kukimbia kwa nguvu na mbili za polepole, mara tano, halafu dakika tano za kutuliza pumzi. Angalizo moja: kama hujawahi kufanya mbio za namna hiyo, msimu huu si wa kuzianza. Fanya siku mbili za mwendo wako wa kawaida, yatosha. Na kama ulijiandikisha mashindano ya masafa marefu yanayoangukia mara baada ya msimu, amua leo kama unaahirisha au unashiriki kwa kutembea na kukimbia. Uamuzi huo ukiuacha hadi wiki ya mwisho, utaufanya kwa jazba.

Siku zenyewe ziandike kwenye kalenda ya kazini kama kikao. Bila jina, "nina kikao" inatosha. Na mwenzako wa nyumbani aambiwe kabla, siyo asubuhi ile unafunga kamba za viatu. Anayebaki na watoto ndiye anayelipia zile dakika 40, na yeye pia ana siku zake mbili za kudai.

Vifaa viwekwe usiku. Nilishawahi kusimama saa kumi na moja alfajiri na soksi moja mkononi, nikiitafuta ya pili kwa tochi ya simu ili nisiamshe mtu. Nilipoiona nyuma ya kapu la nguo nilikuwa nimeshasoma jumbe tatu za kazini, na mbio zikaishia pale kitandani. Tangu hapo bukta, fulana na soksi zote mbili hulala ndani ya kiatu, na kiatu hulala mlangoni. Viatu vipya navyo vianze kuvaliwa kabla ya msimu. Jozi nyingi huchoka kati ya kilomita 500 na 800.

Usingizi uwekee sheria mapema, kwa sababu ukiwa umechoka huwezi kujihukumu vizuri. Yangu ni hii: nikipata usingizi usiofika saa tano, hakuna mbio kali, natembea. Kahawa nusu yake hubaki mwilini kwa takriban saa tano, kwa hiyo kikombe cha saa kumi na mbili jioni kinakulia usingizi wa saa tano usiku. Homa, au maumivu ya kifua? Hapo hakuna mjadala, unaacha na unamwona daktari.

Arifa za programu za mbio zizime. Kuona wenzako wameshakimbia kilomita 60 wakati wewe una jedwali la bajeti mbele yako hakujamsaidia mtu.

Mwisho, panga kurudi kabla hujaondoka. Mwaka mmoja nilitunza siku zangu mbili vizuri kwa wiki saba, kazi ikaisha Ijumaa, Jumamosi nikaondoka na kilomita 14 kama zamani. Pumzi ilikuwepo, moyo ulitulia, nikajiona sijapoteza kitu. Jumapili sikuweza kushuka ngazi: kano ya kisigino ilikuwa imevimba. Mapafu yalikuwa yametunzwa, lakini miguu ilikuwa imesahau masafa, na kano huzoea taratibu kuliko pumzi. Nilikaa nje ya mbio muda mrefu kuliko msimu wenyewe. Siku hizi, kabla kazi haijaanza kubana, huandika karatasi na kuibandika ndani ya kabati la viatu: "Wiki ya kwanza, kilomita 6, hata ukijisikia simba."