Eskavata pana kutoka Tanga hadi Morogoro: kibali, njia na hesabu ya ekseli

Mfano wetu ni eskavata ya tani 27 yenye upana wa mita 3.2, juu ya lobedi (tela la sakafu ya chini la kubebea mashine) ya ekseli tatu inayovutwa na kichwa, yaani trekta ya lori, cha ekseli tatu.

Hatua ya 1: Vipimo

Sheria ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 inaishia upana wa mita 2.65 na kimo cha mita 4.30. Upana umeshavuka, kwa hiyo kibali cha TANROADS, wakala wa barabara kuu, ni lazima. Kimo pima mashine ikiwa juu ya lobedi, mkono umelazwa. Karatasi ya kiwandani haihesabu sakafu ya lobedi, nayo huongeza karibu mita moja.

Hatua ya 2: Ekseli

Hapa ndipo safari nyingi hukwama. Kibali cha upana hakikupi ruhusa ya kuzidisha uzito. Ukomo ni tani 8 ekseli ya usukani, tani 18 ekseli mbili za nyuma za kichwa na tani 24 ekseli tatu za lobedi, hizi mbili za mwisho zikiwa na matairi pacha. Jumla ni tani 50. Gari letu zima lina tani 48 (kichwa 9, lobedi 12, mashine 27), na bado linaweza kufeli mizani.

Chukua umbali wa mita 9 kutoka pini ya lobedi (inayoiunganisha na kichwa) hadi ekseli yake ya kati. Kitovu cha uzito wa mashine kikikaa mita 4 mbele ya ekseli hiyo, pini inabeba 27 × 4 ÷ 9, yaani tani 12, na ekseli za nyuma tani 15. Lobedi tupu inaweka tani 4 kwenye pini na 8 nyuma, hivyo nyuma ni 23 na pini 16. Kichwa kitupu kina tani 5.5 usukani na 3.5 nyuma yake. Pini ikipeleka asilimia 10 ya mzigo wake kwenye usukani, ekseli mbili za nyuma za kichwa zinafika tani 17.9. Mmepita, ila mwembamba mno: lita 400 za dizeli pekee ni zaidi ya kilo 330. Isogeze mashine mbele nusu mita na tani 1.5 zinahamia kwenye pini. Hapo ekseli hizo mbili zinapita 19.

Rudisha nyuma hadi mita 3.8. Ekseli mbili za kichwa zinapata kama tani 17.4, za lobedi 23.6. Namba za lobedi yako ni tofauti, kwa hiyo pima kichwa na lobedi tupu kwanza. Kitovu cha uzito hakiko katikati ya minyororo ya mashine: uzani wa nyuma na mkono hukivuta, na kugeuza kibanda hukihamisha. Amua upande wa kibanda kabla ya kupiga hesabu, kisha piga alama ya rangi kwenye sakafu ya lobedi ili dereva asikisie. Hesabu ya karatasi haitoshi. Pimeni mizani, tenki likiwa limejaa, kabla ya kufunga minyororo ya mwisho ya kuishikilia mashine.

Hatua ya 3: Njia

Tanga, Muheza, Segera, Kabuku, Mkata, Msata, Chalinze, Morogoro. Daraja jipya la Wami limeondoa ule wembamba wa daraja la zamani. Nyaya ndizo za kuchunguza, hasa ukiingia eneo la mradi: pima kwa fimbo kavu ya fiba, kamwe si ya chuma, na nafasi chini ya nyaya isipotosha waombe TANESCO. Kipande cha mwisho kikiwa barabara ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kibali cha TANROADS hakikitoshi.

Hatua ya 4: Maombi

Barua, kadi za magari, mchoro wa ekseli na umbali kati yake, uzito, vipimo, njia, tarehe. Namba za kichwa na lobedi huandikwa kwenye kibali. Ukibadilisha kichwa baada ya kuharibika, omba upya.

Hatua ya 5: Safari

Mchana tu, bendera nyekundu pembeni, gari la kusindikiza mbele, nakala ya kibali kwa kila dereva. Kabla ya giza egesheni Segera au Chalinze.