Kupima risasi za feya (manati): gololi ya chuma au bano (gololi ya kioo), gani inagonga zaidi?

Mtoto wa dada yangu alikuja na ubishi wa huko Kayole, wenzake wanasema gololi ya chuma inagonga kuliko bano, akaniambia "Anko si tupime kwa project ya shule". Ilitumaliza Jumamosi tatu, mbili zikiishia kwa udongo tu.

1. Risasi
Gololi za chuma za milimita 9.5 (uliza mafundi wa beringi Kirinyaga Road, Grogan ya kitambo), bano za milimita 16, na vidonge vya udongo vilivyokauka juani. Kokoto achana nazo, kila moja iko na shepu yake. Pima uzito kwa mizani ya dijitali inayosoma nukta ya gramu, ile ya jikoni itakudanganya. Chuma ilikuwa gramu 3.5, bano 5.4.

2. Feya
Moja tu, vuta hadi alama ileile kila saa. Miwani kwa macho, blanketi nzito nyuma ya shabaha, watoto wadogo ndani ya nyumba.

3. Udongo wa kupigwa
Hapa ndo tuliteseka. Tulichukua udongo wa mfinyanzi, tukaujaza kwa karai, tukapiga asubuhi chuma na mchana bano, matokeo yakawa upuzi mtupu, kumbe jua limekausha juu na ndani bado ni laini, yaani tulikuwa tunalinganisha udongo wa asubuhi na wa mchana, si risasi. Ukande upya kila baada ya mapigo matano au sita, usawazishe na ubao, funika na gunia bichi ukipumzika. Na usiamini kidole! Huko Marekani wakipima vesti za kuzuia risasi huangusha kwanza tufe la chuma la kama kilo moja kutoka mita 2, na shimo lazima liwe karibu milimita 19, ikizidi au ikipungua sana udongo haufai. Sisi tuliazima tufe ya shule ya kilo 3, tunaiachilia kutoka nusu mita, shimo likibadilika tunakanda tena. Usiisukume, achilia tu. Plastisini ya dukani siipendi, baridi ya Julai inaifanya ngumu kama sabuni ya mche.

4. Spidi
Slow motion ya simu, fremu 240 kwa sekunde, ukirekodi kutoka kando. Tepu ya kupimia ikae kwenye mstari ileile risasi inapita, ukiibandika ukutani nyuma utasoma spidi ya uongo. Bano ilisonga sentimita 19 kwa fremu, hiyo ni kama mita 46 kwa sekunde, chuma sentimita 23, kama mita 55. Nguvu ya pigo, kwa jouli, ni nusu ya uzito (kwa kilo) mara spidi mara spidi: zote mbili zinatoka jouli 5 na kitu. Nguvu ni ya mpira, si ya gololi.

5. Shimo
Watu hupima kina peke yake, na ndio maana chuma hushinda kila ubishi, imeweka nguvu ileile kwa eneo dogo karibu mara tatu. Jaza shimo na maji kwa sirinji ya famasi, haraka kabla udongo haujanywa, usome mililita pia. Bano ilichimba pana na fupi, chuma nyembamba na ndefu, lakini mililita hazikuachana sana.

Vidonge vya udongo vilipasuka vyote. Kijana ameandika kwa ripoti "risasi ya udongo haina maana", nikamwambia afute, ndio pekee ninayomruhusu kutumia kwa kopo pale nyuma ya nyumba, haidundi kurudi.