Kulala vizuri Tabora msimu huu wa joto
Ndugu zangu wa Tabora, Oktoba hii kabla mvua hazijaanza, nyumba za bati zinashika joto hadi usiku na watu wanagaagaa tu kitandani. Mwili hauzami usingizini vizuri mpaka joto lake la ndani lishuke kidogo. Kwa hiyo oga maji ya uvuguvugu, si ya baridi kali, saa moja au mbili kabla ya kulala. Damu huja karibu na ngozi, joto linatoka, mwili unapoa wenyewe. Fungua madirisha yenye wavu upepo upite, na chandarua kibaki palepale, maana malaria ipo.

Kahawa na chai ya rangi ziishie mchana. Hata muda wa saa tano hivi ukipita tangu unywe, nusu ya kafeini, ile dawa ya kahawa na chai inayofukuza usingizi, bado inaweza kuwa mwilini, na chai wengi tunaihesabu kama maji tu. Simu weka mbali na mto.

Kubwa kuliko yote kwangu: amka saa ileile kila siku, hata Jumapili, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Usingizi ukigoma kwa wiki kadhaa mfululizo, nenda kituo cha afya au hospitali ya Kitete ukaonane na daktari.