Kukimbia Saint-Malo na pwani yake: soma maji kwanza, saa baadaye

Kabla hujafunga kamba za raba zako Saint-Malo, tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa. Ofisi ya utalii wanalo, maduka ya magazeti na sigara wanauza kijitabu chake, na kwenye simu hupatikana bure. Mji huu wa kale wa mabaharia uko kaskazini mwa Bretagne, Ufaransa, mahali ambapo bahari hupanda na kushuka kuliko karibu kote Ulaya. Siku za bamvua kubwa, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika mita 12 na kitu. Sisi wa Mombasa, Tanga na Unguja bamvua letu ni mita nne hivi, na kwa hizo nne tunajiona tunaijua bahari. Huku ufuo ambao alasiri watu wanacheza mpira, jioni haupo, na mawimbi yanarusha maji hadi barabarani.

Wafaransa hupima nguvu ya maji kwa namba waiitayo coefficient, kuanzia 20 hadi 120. Karibu na 45 ni maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo. Kuanzia 95 ni bamvua. Siku za bamvua, Saint-Malo maji hujaa asubuhi na jioni, kisha hupwa alasiri na usiku wa manane. Siku za maji mafu mambo hugeuka. Kwa hiyo kama umezoea kukimbia mchangani alfajiri, chagua wiki ya maji mafu, au siku za bamvua uhamishie mbio zako alasiri. Tena maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hujivuta tu, ila saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokuja kwa kasi: siku ya bamvua kubwa yaweza kupanda mita tatu ndani ya saa moja. Mtu aliyesimama kupiga picha nyuma ya mwamba hana habari. Hakikisha pia kwamba jedwali lako limeshaongezwa saa za majira ya kiangazi, maana si yote yaliyoongezwa.

Kufika si kazi. Treni hutoka Paris, kituo cha Montparnasse, nyingine moja kwa moja, nyingine kwa kubadilisha Rennes. Kutoka Rennes ni saa moja hivi. Walio Uingereza wanaweza kupanda meli Portsmouth jioni na kushuka asubuhi karibu kabisa na kuta za mji. Hapo kuna jambo linalowakwamisha wengi: kibali cha kuishi Uingereza au Ireland hakimfungulii mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda mlango wa Ufaransa. Unahitaji viza ya Schengen, na miadi ya viza huchukua wiki nyingi kuliko mazoezi yenyewe. Aliye na kibali cha ukaazi cha Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen huingia bila viza, kwa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Kibali hicho, pamoja na pasipoti, kiwe mfukoni hata ukikimbia, kwa kuwa sheria ya Ufaransa inamtaka mgeni aweze kuonyesha karatasi zake anapoulizwa na polisi.

Siku ya kwanza zunguka juu ya kuta. Mzunguko mzima ni kama kilomita mbili, wenye ngazi hapa na pale, na bahari iko chini yako karibu njia nzima. Mji wa ndani uliteketea Agosti 1944 na kujengwa upya kwa mawe ya matale, lakini kuta zenyewe zilisalimika. Julai na Agosti uwe umemaliza kabla ya saa mbili asubuhi, la sivyo utakuwa unapangua watalii wenye aiskrimu. Karibu na kuta utaona sanamu ya Robert Surcouf akinyoosha kidole kuelekea Uingereza. Hapa anakumbukwa kama nahodha aliyeziteka meli za Waingereza. Kumbukumbu yetu ni nyingine, maana miaka ya 1790 alisafirisha pia watumwa katika Bahari ya Hindi. Mahé de La Bourdonnais, mzaliwa wa mji huu huu, aliitawala Mauritius kuanzia 1735 na kuijenga bandari ya Port Louis kwa jasho la watumwa, wengi wao wa kutoka Madagaska na Msumbiji. Utajiri uliosimamisha majumba ya wenye meli ndani ya kuta hizi una hesabu zake upande wetu wa bahari.

Ukishuka, ufuo wa Sillon unakwenda mashariki kilomita tatu hivi. Maji yakipwa, mchanga uliolowa ni mgumu kiasi na ni rafiki wa magoti. Yakijaa, panda barabara ya waendao kwa miguu iliyo juu ya ukuta. Magogo ya mwaloni yaliyochomekwa ufuoni kwa safu yapo ili kuvunja nguvu ya mawimbi. Usikimbie katikati yake maji yanapokuja. Kisiwa cha Grand Bé, alikozikwa mwandishi Chateaubriand mwaka 1848, hufikiwa kwa njia ya mawe maji yakiwa yamepwa. Ukichelewa huko na maji yakaigusa njia, usijaribu kuvuka. Kaa kisiwani usubiri, muda wa saa sita hivi, hata kama umevaa kaptula na fulana tu.

Ila mbio hasa za mji huu ziko nje yake, upande wa mashariki kuelekea mji mdogo wa Cancale. Njia inaitwa GR34. Ilianza kama njia ya doria ya askari wa forodha, wakiwavizia wenye magendo kuanzia 1791. Leo inaizunguka Bretagne yote kwa zaidi ya kilomita 2,000, kutoka kisiwa cha Mont-Saint-Michel hadi mji wa Saint-Nazaire. Alama yake ni mstari mweupe juu ya mwekundu, umepakwa kwenye nguzo, ukuta au jiwe. Kwa barabara, Saint-Malo hadi Cancale ni kilomita 15 tu. Kwa njia hii ni zaidi ya 30, kwa sababu inafuata kila rasi na kila hori bila kukata kona.

Wengi hawana haja ya kuimaliza yote. Kipande ninachokipenda kuliko vyote kinaanzia rasi ya Pointe de la Varde: unapita Rothéneuf, unaizunguka hori ya Rothéneuf ambayo maji yakipwa hubaki mchanga na mashua zilizolala ubavu, kisha unatokea ufuo wa Chevrets na rasi ya Meinga. Kati ya hapo hakuna maduka. Kuna mashamba upande mmoja, bahari upande wa pili, na njia ya upana wa mtu mmoja baina ya vichaka vya miiba vyenye maua ya njano. Usikate katikati ya hori hata kama nyayo za wengine zinaonekana. Hujui walipita saa ngapi.

Ardhi yenyewe inadai macho. Mizizi, ngazi za mbao zisizolingana, halafu bapa la mwamba lenye mchanga mwembamba juu yake, nao huteleza kuliko matope. Vaa raba zenye meno. Aliyezoea dakika tano kwa kilomita barabarani ahesabu saba huku na asione aibu. Mbele zaidi kuna ufuo wa Verger na kikanisa ambamo mabaharia wa Cancale waliomba kabla ya kwenda kuvua Newfoundland, kisha Pointe du Grouin, ambako siku isiyo na ukungu unaiona Mont-Saint-Michel ng'ambo ya ghuba. Kutoka Grouin hadi bandari ya Cancale zimebaki kilomita kama saba, za kupanda na kushuka. Bandarini wanauza chaza wabichi, wanakupasulia hapo hapo, na magamba unayatupa ufuoni kama kila mtu.

Upepo huku mara nyingi hutoka magharibi. Ukivuma kwa nguvu, anzia Saint-Malo ukimbie nao mgongoni, urudi kwa basi la MAT. Siku tulivu fanya kinyume: panda basi hadi Cancale, rudi kwa miguu. Piga picha ratiba ya kurudi mapema, kwani Jumapili mabasi ni machache. Majira ya baridi jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama baada ya saa kumi na moja jioni. Juni giza haliingii hadi baada ya saa nne usiku, kwa hiyo mwenye kazi ya mchana ana muda wa kutosha.

Kuanzia Septemba hadi Februari kuna wawindaji mashambani. Vaa rangi kali. Majani marefu yana kupe, na kupe wa Ulaya huleta ugonjwa wa Lyme. Jikague miguu na kinena ukifika nyumbani. Namba ya dharura ni 112, na ya uokoaji baharini ni 196. Maji ya kunywa hayapo kila mahali. Wakimbiaji wa Kifaransa hujaza chupa kwenye mabomba ya makaburini, jambo ambalo mwanzoni litakukereketa. Soma tu kama kibao kinasema maji hayo yananyweka. Na ukimkuta mtu mbele yako njiani, sema "Bonjour" kabla hujamfikia. Salamu hiyo inaondoa mashaka mengi, hasa kwa mgeni mweusi anayetokea nyuma ya kichaka kwa kasi.

Mwenye programu ya marathoni asiyetaka mizizi apande kwenda Dinan, mji mwingine wa kuta, juu ya mto Rance. Kutoka bandari yake ndogo, chini ya daraja refu, kuna njia tambarare kando ya maji: upande mmoja kilomita mbili hadi abasia ya Léhon, upande wa pili sita hivi hadi Châtelier. Inafaa mno kwa mbio ndefu za kasi moja, ila kaa kulia, baiskeli ni nyingi.

Ukitaka kushindana, mashindano ya barabarani Ufaransa hayadai tena cheti cha daktari kwa mtu mzima asiye na leseni ya chama cha riadha. Tangu 2024 unafuata mafunzo mafupi ya afya ya chama hicho kwenye intaneti, yanaitwa PPS, unapewa namba, na hiyo ndiyo waandaaji wanayoitaka. Angalia tu isiwe imeisha muda siku ya mbio.