Kufunga taa kwenye upanga wa maigizo bila kukuzimikia jukwaani

Upanga wangu wa kwanza ulizima mbele za watu. Ilikuwa igizo la vijana kanisani huku Uyole, Mbeya, kerubi kasimama langoni Edeni, upanga unawaka mwekundu mpaka watoto wa mbele wamesogea nyuma, dogo akauzungusha mara moja kwa mbwembwe, giza. Adamu mwenyewe alicheka. Nilipoufungua nikakuta betri nzima, taa nzima, kilichokatika ni kiwaya kimoja pale ubao unapoingia kwenye mpini. Ndo maana nasema umeme wa hiki kitu ni mwepesi, kinachosumbua ni viungio.

Mahitaji: LED (vile vitaa vidogo vya miguu miwili) nyekundu 20 za mm 5 (changanya na za njano ukitaka ifanane na moto), rezista (vya kupunguza umeme) 20 za ohm 120, zile zenye mistari kahawia, nyekundu, kahawia, betri moja ya 18650 (ya lithiamu ya duara, ya kuchajiwa), kasha lake, kibao kidogo cha saketi ya chaji kinachoitwa TP4056 na swichi ndogo. Hivi vyote mi huwa navipata sokoni Mwanjelwa kwa mafundi redio na simu. TP4056 chukua yenye matundu ya OUT, hiyo ndo ina ulinzi wa betri, isiyo na OUT achana nayo hata kama bei imeshuka. Betri wengi tunatoa kwenye laptop zilizokufa, sawa, ila ipime kwanza na mita ya kupimia volti, ikisoma chini ya volti 2.5 au ukiona imevimba au imebonyea usiihurumie, na usitupe jikoni kwenye moto.

Kwa nini rezista kila taa? Betri ikijaa ina volti 4.2, LED nyekundu inataka kama 2, zinazobaki 2.2 lazima ziliwe na rezista, gawa kwa 120 unapata kama miliampea 18, na LED za hivi mwisho wake ni 20. Kuna mafundi wanaweka rezista moja kubwa kwa taa zote, itawaka ndio, lakini LED hazilingani, moja itakunywa umeme kuliko wenzake mpaka iungue, halafu mzigo wake unahamia kwa zilizobaki nazo zinafuatana. Taa nyeupe zinataka kama volti 3 kwa hiyo hapo weka ohm 68.

Ubao mi natumia msindano (paini), huku kwetu kusini haukosekani, mwepesi na mtoto hachoki. Urefu wa sentimita 80 unatosha. Chukua waya wa nyumba wa milimita za mraba 1.5, vua ganda lote ubaki shaba tupu, laza nyaya mbili kama reli kila upande wa ubao zikiachana sentimita 2, moja chanya moja hasi. Piga msasa shaba mpaka ing'ae la sivyo risasi ya kuchomelea haishiki, na pasi ya kuchomelea iwe ya wati 60, ile ya wati 30 kwa baridi ya Mbeya mwezi wa saba utasubiri mpaka uchoke, shaba inakula joto lote. Mguu mrefu wa LED unaenda kwenye rezista halafu reli chanya, mguu mfupi reli hasi. Kila upande LED 10, moja kila sentimita 7. Kila ukichomelea moja washa uone, usisubiri zote 20 ndo uanze kutafuta mchawi.

Kwenye mpini (bomba la maji la inchi moja na robo) betri inaingia B+ na B- za TP4056, OUT+ inapita kwenye swichi ndo iende reli chanya za pande zote mbili, OUT- moja kwa moja reli hasi zote. Usichomelee waya kwenye betri yenyewe, joto linaiharibu, kasha lipo kwa kazi hiyo.

Sasa pale paliponiumbua. Kutoka mpini kwenda ubaoni nilitumia waya wa uzi mmoja, ule ukikunjwa kunjwa unakatika ndani na ganda linabaki zima, huoni kitu. Tumia waya wa spika, wa nyuzi nyingi, uache umelegea kidogo kama kitanzi, halafu ufunge kwenye ubao kwa tepu nyeusi na gundi ya kuyeyusha sentimita 3 kabla ya kufika kwenye risasi, ili mtu akizungusha upanga kinachovutwa ni gundi siyo kiungio. Kabla hujafunika utikise kwa hasira dakika nzima taa zikiwa zinawaka. Ikipepesa hata mara moja, rudi kwenye viungio.

Kufunika nilizungushia ile foamu nyeupe nyembamba inayokuja na TV mpya, mizunguko miwili, nukta za taa zinapotea unabaki mwanga tu.

Chaji kwa chaja ya simu, swichi ikiwa imezimwa, taa nyekundu ya TP4056 ikigeuka bluu au kijani imejaa. Betri ya mAh 1500 inakupa masaa manne na ushee. Wa pili huu umeshapita mazoezi matatu na dogo yule yule ndo anaushika, nimemwambia azungushe anavyotaka.