Jinsi ya kurekodi riwaya ya mkutubi mpelelezi ukiwa nyumbani Dar

Kabla ya kugusa maikrofoni, soma riwaya nzima mpaka ukurasa wa mwisho. Msikilizaji wako yuko ndani ya daladala, amesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Hawezi kurudi nyuma kurasa mbili kutazama tarehe iliyogongwa muhuri kwenye kadi ya kuazimia. Akiikosa, siku muuaji anatajwa ataona amechezewa. Lakini ukiisisitiza, fumbo limeisha sura ya pili. Ugumu wa kazi hii uko hapo: ushahidi usikike vizuri, na sauti yako isiunyooshee kidole.

Basi soma mara ya pili ukiwa na penseli. Weka alama kila penye ushahidi: kitabu kilichorudishwa kwenye rafu isiyo yake, jina lililokatwa kwenye daftari la waazimaji, ukurasa uliochanwa. Sentensi hizo zisome kwa kasi ileile ya sentensi iliyotangulia, na kituo baada ya nukta kiwe sawa na vingine. Wasimulizi wengi hupunguza mwendo wakifika penye jambo zito, na sikio hulinasa hilo papo hapo. Namba za rafu nazo ni hivyo hivyo. Kwenye mfumo wa Dewey, ule wa maktaba wa kupanga vitabu kwa namba, vitabu vya mauaji hukaa 364.1523, ukiitamka namba hiyo pole pole, tamka pole pole na ile ya kitabu cha mapishi, ili isijitenge.

Kuna mtego mwingine ambao Kiswahili kinamwekea msimulizi. Mwandishi akiandika "aliingia, akaomba kitabu cha mimea yenye sumu", hajasema ni mwanamume au mwanamke, na mara nyingi amefanya hivyo kwa makusudi. Ukimpa mtu huyo sauti nzito, umeshapunguza nusu ya washukiwa. Maneno ya mtu asiyejulikana yasome kwa sauti yako ya kawaida ya kusimulia, hata kama wewe unamjua.

Kama mswada umetafsiriwa, kagua kila saa inayotajwa. Mshukiwa anayedai alikuwa sokoni "saa mbili mchana" ni dalili kwamba mtafsiri alisahau kubadilisha. Ilitakiwa saa nane. Muulize mwandishi kabla ya kurekodi, kwa sababu kosa moja la saa linaua utetezi wa mtu na hadithi nzima inayumba. Hapo hapo pata ruhusa yake ya kurekodi kwa maandishi. Haki ya kusimulia kwa sauti haiji na nakala uliyonunua.

Kwenye sauti za wahusika, usijaribu kuwa watu kumi. Badilisha kasi na kimo kidogo tu, na muuaji asiwe na sauti ya ukali kuliko wenzake. Kwa kila mhusika hifadhi sampuli ya sekunde 30, uisikilize kabla ya kila kikao, la sivyo mzee wa sura ya 1 atakuwa kijana sura ya 9. Mkutubi huongea chini kwa sababu ya kazi yake, lakini usinong'one. Mnong'ono hauna nguvu ya koo, na barabarani haubaki hata neno. Sogea mpaka sentimita 10 kutoka kwenye maikrofoni, punguza nguvu, acha koo liendelee kutetema.

Sasa chumba. Chagua kidogo chenye kabati la nguo, simamisha godoro nyuma yako na moja ubavuni, tandika blanketi mezani. Trei za mayai ukutani hazisaidii. Ni nyepesi mno kunyonya sauti ya mtu. Feni lazima izimwe, kwa hiyo rekodi dakika 20 hadi 25, toka upumue, kunywa maji yasiyo ya baridi, rudi. Muda mzuri Dar ni kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi alfajiri. Baada ya hapo kuna adhana, kisha kunguru, kisha bodaboda, na hakuna programu itakayomtoa kunguru aliyelia katikati ya neno. Wakati wa masika, nyumba ya bati isiyo na dari usiihesabu kabisa. Laptopu itumie kwa betri: umeme ukikatika hupotezi kazi, na ule mngurumo wa waya usio na ethi nzuri unaondoka.

Kwenye programu ya kurekodi weka 44.1 kHz, biti 24, mono (mkondo mmoja wa sauti). Vilele vya sauti vicheze kati ya -12 na -6 dB (kipimo cha nguvu ya sauti). Vikigusa 0 sauti inapasuka na haitengenezeki. Maikrofoni ikae pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi za p na b zipite kando. Mwanzoni kaa kimya sekunde 30 upate sauti ya chumba ya kuzibia mapengo. Ukikosea, piga kofi moja, rudia tangu mwanzo wa sentensi. Kwenye Audacity, programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti, kofi litaonekana kama mwiba, utalipata haraka.

Ukisafisha kelele, punguza dB 6 hadi 9 tu. Zaidi ya hapo s zinaanza kulia kama bati. Vipimo vya ACX, jukwaa la Amazon la vitabu vya sauti, ni vizuri kuvifuata hata kama huuzi huko: RMS (wastani wa nguvu ya sauti) kati ya -23 na -18 dB, kilele kisizidi -3 dB, kelele ya chini isizidi -60 dB, MP3 ya 192 kbps, kila sura faili lake. Sura ya dakika 20 itafika takribani MB 29. Kwa wasikilizaji wa bando dogo tengeneza nakala ya 64 kbps, kama MB 10, uitume WhatsApp kama dokumenti.

Kabla ya kutoa, mpe mtu asiyeijua hadithi sura zote isipokuwa zile za kufichua. Muulize anamshuku nani na tangu wapi. Akimtaja muuaji na kusema "pale alipoulizwa kuhusu ufunguo", nenda kwenye sentensi hiyo, sikiliza ulivyoitamka, na uirekodi upya.