Soneti ya Ozymandias: isome kwa kuuliza nani anasema

Mpe msomaji soneti (shairi la mistari 14) ya mshairi Mwingereza Percy Bysshe Shelley kuhusu Ozymandias, ambamo msafiri anasimulia sanamu ya mfalme iliyovunjika jangwani, na baada ya dakika tano atakuambia inahusu "dunia mapito". Hajakosea, ila hilo alilijua kabla hajaishika karatasi. Liko kwenye khanga na nyuma ya daladala. Insha inayoishia hapo haijasema kitu kuhusu shairi. Kinachotakiwa ni kuonyesha jinsi mistari 14 inavyolifikisha neno hilo, na njia ya uhakika ni kuuliza swali lile lile mstari kwa mstari: hapa nani anasema?

Anza kwa kutoa kopi yako mwenyewe. Karatasi moja ya A4 inatosha, mistari ikiachiana nafasi ya kuandika katikati. Steshenari yoyote watakuchapia. Weka namba 1 hadi 14 pembeni. Kama unaweza, pata matoleo mawili tofauti, maana alama za kunukuu hazifanani toka toleo hadi toleo, na katika shairi hili alama hizo si mapambo. Chukua kalamu za rangi tatu. Kamusi iweke mbali kwanza.

Soma kwa sauti mara tatu. Aliyezoea mashairi yetu atahesabu mizani, atapata kumi hivi kila mstari, ataridhika. Hapo ndipo mtego ulipo. Arudhi ya Kiswahili inahesabu silabi; soneti ya Kiingereza inahesabu mapigo: silabi hafifu, kisha nzito, mara tano. Gonga meza kwa kidole kwenye kila silabi nzito. Katika mstari wa 1, "antique" ina pigo mwanzoni, si mwishoni kama inavyotamkwa leo; ukikosea hapo mstari wote unachechemea na utadhani kosa ni la mshairi. Mstari wa 12 unaanza na pigo zito, "Nothing", kinyume cha mdundo uliouzoea. Utie mviringo, tutaurudia.

Vina vinakwenda hivi: ABABACDCEDEFEF. Viandike mwishoni mwa mistari ujionee. Hii si soneti ya Kiitaliano yenye mistari minane kisha sita, wala si ya Shakespeare inayofunga kwa mistari miwili yenye kina kimoja. Mistari 2 na 4 inaishia "stone" na "frown", na bingwa wa arudhi wa kwetu angeliita shairi guni, lenye kasoro ya vina, bila kupepesa macho. Usikimbilie kusema vina vimevunjika kama ile sanamu. Inawezekana, lakini hoja hiyo imechoka na ni ngumu kuithibitisha. Chenye nguvu zaidi ni mishororo mishata: kuanzia mstari wa 3 maneno yanamwagika kutoka mstari hadi mstari bila kituo kamili mpaka maneno ya mfalme, kama mtu anayesimulia akisahau kupumua.

Sasa kalamu. Kwa nyeusi, piga mstari chini ya maneno ya msimulizi, yule "mimi" wa mstari wa 1. Ni mstari mmoja na maneno mawili tu, kisha anakaa kimya hadi mwisho. Kwa buluu, pigia maneno ya msafiri. Kwa nyekundu, mstari wa 10 na 11: maandishi ya kwenye kitako cha sanamu. Ukimaliza, iangalie karatasi kwa mbali. Nyekundu imezungukwa na buluu, na buluu imeegemea nyeusi. Mfalme aliyetaka dunia nzima imsikie anasikika kwa sababu mchongaji alichonga, msafiri akasoma, mtu asiye na jina akasimuliwa, na Shelley akaandika. Yeye mwenyewe hana tena uwezo wa kumwambia mtu neno.

Mistari 6 hadi 8 ndiyo inayowaangusha wengi, kwa hiyo ipe nusu ya muda wako. Tatizo ni kitenzi "survive". Wengi wanakisoma kana kwamba hakina yambwa (kinachotendwa), wanabaki na "mkono" na "moyo" zinazoning'inia hewani. Yambwa zake ni hizo mbili za mstari wa 8. Andika Kiswahili chake na fundo linafunguka lenyewe, kwa sababu viambishi vyetu havikubali utata huo: hisia hizo, zilizopigwa chapa kwenye mawe yasiyo na uhai, zimedumu kuliko mkono ulioziiga na moyo uliozilisha. Mkono ni wa mchongaji, moyo ni wa mfalme. Wote wawili wamekufa. Kilichobaki ni dharau iliyokunjwa mdomoni.

Baki hapo kidogo kwenye "mocked". Zamani neno hilo lilibeba maana ya kuiga, na pia ya kudhihaki. Sisi tuna "kuigiza", ambalo mtoto wa Kariakoo akilisema, "mama, huyu ananiigiza", analalamikia vyote viwili kwa mpigo. Itumie hiyo katika tafsiri yako. Mchongaji alipewa kazi ya kumtukuza bwana wake, akamchonga alivyo. Huenda huyo ndiye msemaji mjanja kuliko wote humu, naye hana hata neno moja lililoandikwa.

Mistari 10 na 11 ni rahisi kwa msamiati, migumu kwa maana. "Mfalme wa wafalme" msomaji wa hapa amelisikia kanisani, na litamvuta huko, mrudishe jangwani. Amri ya kukata tamaa ina maana mbili, na zote zinahitajika. Mfalme alikusudia: enyi wakuu, hamtanifikia. Mchanga unasema: enyi wakuu, nanyi mtaishia hapa. Maneno ni yale yale. Aliyebadilika ni msemaji.

Ndipo unakuja ule mstari wa 12 uliouwekea mviringo. "Nothing beside remains", hakuna kingine kilichobaki: sentensi ya maneno matatu, silabi sita, kisha kituo kizito. Baada ya ile mishororo mishata, huu ni mlango unaofungwa. Wanafunzi wengi wanatafuta mgeuko, pale wazo linapobadilika, mstari wa 9 kwa sababu wamefundishwa soneti hugeuka hapo. Mstari wa 9 unaleta kitako tu. Mgeuko uko 12.

Historia isome mwisho. Anayeanza nayo huishia kuandika insha ya Misri. Unachohitaji ni kidogo: Ozymandias ni jina la Kigiriki la farao Ramesses II, aliyetawala miaka 66 hivi katika karne ya 13 kabla ya Kristo. Shairi lilichapwa London tarehe 11 Januari 1818, katika gazeti la The Examiner, kwa jina la kubuni Glirastes. Shelley alikuwa akishindana na rafiki yake Horace Smith, ambaye soneti yake juu ya mfalme huyo huyo ilitoka wiki tatu baadaye. Isome na hiyo: Smith anamleta mwindaji anayekuta magofu ya London yenyewe, somo linasemwa wazi, na utaona kwa nini haikumbukwi.

Usiandike kwamba Shelley aliiona sanamu. Kipande kikubwa cha Ramesses alichokiondoa Mtaliano Belzoni kule Thebes, Misri, mwaka 1816, chenye uzito wa tani saba hivi, kilifika London baada ya shairi kuchapwa. Tena hicho ni kichwa na kifua. Ya kwenye shairi ni miguu isiyo na kiwiliwili, na uso uliozama nusu mchangani. Maandishi ya kitako nayo hayakusomwa kutoka Kimisri, kwani maandishi hayo yalifumbuliwa kuanzia 1822. Yalipitia kwa Diodorus, mwanahistoria aliyeandika kwa Kigiriki. Msemaji mwingine tena wa kuongeza kwenye mnyororo wako.

Kwa ulinganishi, usiende mbali. Al-Inkishafi, shairi la kale la Kiswahili la Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, inatazama majumba ya kisiwa cha Pate yaliyobaki kwa popo na buibui. Beti zake ni za mistari minne, mizani kumi kumi. Lakini uliza swali lile lile: pale mshairi anauambia moyo wake mwenyewe. Hakuna msafiri wala nchi ya mbali, anayeonywa ni yeye. Tofauti hiyo inatosha aya mbili nzuri.

Zoezi la mwisho linahitaji nauli ya Posta, Dar es Salaam. Shuka, nenda hadi Sanamu ya Askari pale Samora, ukiwa na karatasi yako. Mahali hapo Wajerumani walimsimamisha gavana wao Wissmann mwaka 1909. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakamng'oa. Akaishia Hamburg, ambako alisimamishwa tena 1922 na wanafunzi wakamwangusha 1967, kisha 1968, safari hiyo moja kwa moja. Askari wa shaba amekuwapo tangu 1927. Soma kitako chake kwa kalamu zile tatu: nani anasema, kwa niaba ya nani, na anamwambia nani? Maneno yanaahidi kwamba ukifa vitani wanao watalikumbuka jina lako. Zunguka kitako chote ukitafuta jina la askari hata mmoja, kisha rudi kwenye mstari wa 10.